Viti vyako vya plastiki vinaliwa na jua: namna ya kuvitunza vidumu na kulinda mtaji wako



Leo tuongee kuhusu mali ambayo karibu kila mmoja wetu anayo, ila wachache sana tunaiandika kwenye daftari la mtaji: viti na meza za plastiki. Mama lishe anavyo. Mwenye grosari anavyo. Muuza chipsi pembeni ya barabara ya malori anavyo. Mwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa ana viwili vya wateja wanaosubiri. Na ndugu zetu wa kukodisha viti na maturubai kwa misiba, harusi na vikao wanavyo mia na zaidi. Kwao hivyo viti ndiyo biashara yenyewe.

Sasa angalia inavyokuwa. Unanunua kiti kinang'aa. Baada ya mwaka mmoja au miwili rangi imepauka, ukikigusa kinaacha unga mkononi. Siku moja mteja mwenye mwili kidogo anakaa, mguu unafunguka, yuko chini. Vijana watacheka. Lakini kama aliyeanguka ni bibi aliyekuja msibani, hakuna anayecheka. Mtu mzima akianguka hivyo anaweza kuvunjika nyonga au mkono, na plastiki kavu ikikatika inaacha ncha kali kama kisu. Lawama haiendi kiwandani wala kwa aliyekuuzia. Inakuja kwako.

Wengi tunasema "viti vya siku hizi ni feki". Ni kweli vipo vilivyo hafifu. Ila vingi tunaviua wenyewe kwa kuviacha juani kutwa nzima, miezi yote, bila kujua jua linavifanya nini. Makala hii ni ndefu kidogo, lakini soma mpaka mwisho. Mengi yaliyomo humu hayahitaji hela, yanahitaji kubadilisha mazoea tu.

1. KITI KIMETENGENEZWA NA NINI?

Viti vingi vya plastiki tunavyotumia vinatengenezwa kwa plastiki inayoitwa polipropilini. Geuza kiti chako uangalie chini ya kikalio. Mara nyingi utakuta alama ya pembetatu ya mishale yenye namba 5 ndani, au herufi PP. Hiyo ndiyo yenyewe.

Mwaka 1954 mkemia wa Italia, Giulio Natta, aliitengeneza plastiki hii. Mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet akatoa kiti kinachomiminwa kipande kimoja, kuanzia miguu mpaka mgongo, kwa muda usiofika dakika mbili. Ndiyo maana kikawa rahisi, na ndiyo maana leo kipo kila kona ya dunia.

Hii historia ina faida kwako. Kiti cha mbao kikivunjika mguu, fundi anabadilisha mguu. Kiti cha plastiki ni kipande kimoja, hakina spea. Mguu ukienda, kiti kimeenda. Kwa hiyo matunzo ya kiti hiki ni kuzuia kisiharibike.

2. MAADUI NI WAWILI, SIO MMOJA

Tunapenda kusema "jua limeharibu". Ukweli ni kwamba kuna miale ya jua, na kuna joto. Kila mmoja unaharibu kwa njia yake, na dalili zake ni tofauti.

*Miale.* Ndani ya mwanga wa jua kuna miale isiyoonekana kwa macho, inaitwa urujuanimno, ile inayoandikwa UV. Plastiki ukiitazama kwa undani ni nyuzi ndefu sana zilizosokotana, kama kamba ya katani. Miale ya UV ikishirikiana na hewa inazikata hizo nyuzi moja moja. Kamba iliyokatika nyuzi nyingi kwa ndani ukiiangalia bado ni kamba, mpaka siku utakapofungia mzigo mzito. Kiti ni hivyohivyo. Kazi hii inaanzia juu, kwenye ngozi ya kiti. Ngozi inapauka, inatoa unga, inapata nyufa ndogo kama nywele. Ufa mmoja ukipata uzito wa mtu, unakimbia mpaka upande wa pili. Kiti kinakatika ghafla, tena bila kupinda kwanza.

*Joto.* Joto peke yake linalegeza plastiki. Polipropilini huyeyuka karibu nyuzi joto 160, na jua haliwezi kufikisha hapo. Lakini muda mrefu kabla ya kuyeyuka plastiki inakuwa laini, na ikiwa laini huku imebeba uzito inabadilika umbo pole pole. Miguu inatanuka, mgongo unalala nyuma, meza inabonyea katikati.

Basi ukitaka kujua tatizo lako ni lipi, angalia dalili:

- Kiti kimepauka, kina unga, kimekatika kama biskuti: hiyo ni miale.
- Kiti kimepinda, kimetanuka miguu, kinayumba lakini hakijakatika: hilo ni joto pamoja na uzito.
- Vyote viwili: kiti kiko juani mchana kutwa. Joto linaharakisha kazi ya miale, kwa hiyo wakikutana wanamaliza kiti haraka.

3. MBONA HUKU KWETU KUNA BARIDI?

Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Tunasema Tunduma si Dar es Salaam, huku kuna upepo na ubaridi, jua halichomi. Kumbe ubaridi wa hewa na ukali wa miale ni vitu viwili tofauti.

Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa ya kuchuja miale inapungua, na UV inaongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Maana yake siku ya anga safi, kiti kilichoko nje hapa Chapwa kinapigwa na miale mikali kuliko chenzake kilichoko nje Kariakoo, hata kama aliyekaa juu yake amevaa sweta.

Halafu kuna suala la misimu. Tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba, na tena siku za mwisho za Februari. Februari mara nyingi kuna mawingu ya mvua yanayopunguza makali. Oktoba je? Mvua bado, anga jeupe, jua utosini. Oktoba ndiyo mwezi wa kuwa makini kuliko yote. Na mawingu yenyewe usiyaamini sana, maana mepesi yanapitisha sehemu kubwa ya miale.

Kwa saa za siku, kipindi kibaya zaidi ni kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Kiti ukikiokoa kwenye saa hizo sita, umekiokoa kwa sehemu kubwa.

4. PIGA HESABU KWANZA

Tuchukue mfano tu, wewe weka bei zako. Mama lishe ana viti 24, kila kimoja alinunua shilingi 15,000. Jumla ni shilingi 360,000.

Vikidumu miaka miwili, yaani miezi 24, kila mwezi viti vinamla shilingi 15,000. Vikidumu miaka minne, vinamla shilingi 7,500 kwa mwezi. Tofauti ni 7,500 kila mwezi, ambayo kwa mwaka ni 90,000. Akinunua turubai la kivuli kwa shilingi 70,000, hela yake inarudi kabla ya miezi kumi. Na hapo hatujahesabu kwamba wateja nao wanapenda kukaa kivulini.

Kwa mkodishaji hesabu ni nyingine. Tuseme kiti ulinunua 15,000 na unakikodisha shilingi 300 kwa shughuli moja. Kinahitaji kutoka mara 50 ndipo kirudishe hela yako. Kikitoka mara mbili kwa wiki, hiyo ni miezi kama sita. Baada ya hapo ndipo faida inaanza, ukiacha nauli na vibarua. Kwa hiyo kila mwezi unaomuongezea kiti umri ni mwezi wa faida. Kiti kikifa kabla ya mara ya 50, imekula kwako.

5. UKINUNUA, CHAGUA

Matunzo yanaanzia dukani. Kiwandani wanaweza kuchanganya kwenye plastiki dawa ya kuzuia UV. Kiti chenye dawa hiyo kinadumu nje mara nyingi zaidi kuliko kisicho nayo. Tatizo ni kwamba kwa macho havitofautiani. Fanya hivi:

- Uliza wazi: "Hivi ni vya nje au vya ndani? Vina kinga ya jua?" Angalia pia maandishi chini ya kiti au kwenye karatasi yake. Muuzaji asiyejua atakwambia hajui, na hilo nalo ni jibu.
- Pima uzito. Omba mzani, linganisha viti viwili vya saizi moja. Chepesi sana maana yake plastiki ni nyembamba.
- Angalia pale mguu unapokutana na kikalio. Kiti kizuri kina mbavu za kuongeza nguvu chini yake. Kibovu kiko kama karatasi.
- Bonyeza mgongo kwa kiganja. Unatakiwa urudi kama springi. Ukilia kama kitu kikavu, acha.
- Ukiona rangi ina mabaka au mistari isiyoeleweka, huenda imechanganywa plastiki chakavu nyingi. Plastiki iliyokwisha kupigwa jua ikisagwa na kumiminwa upya haiwi mpya.

*Rangi gani?* Nyeusi iliyotengenezwa kwa masizi maalumu ya kaboni inazuia miale vizuri sana. Ndiyo maana mabomba ya maji ya plastiki mengi ni meusi. Ila kiti cheusi kikikaa juani kinachoma mapaja, na kinashika joto, hivyo kinapinda kirahisi. Nyeupe inarudisha mwanga na haipati joto sana, lakini inaonyesha uchafu. Rangi kali kama nyekundu mara nyingi zinapauka mapema na kufanya biashara ionekane imechoka. Kwa anayekaa nje muda mwingi, nyeupe au rangi nyepesi ya udongo inafaa. Kwa mkodishaji, chagua rangi moja na usiibadilishe, ili ukiongeza viti viendane.

*Vya mkononi.* Ukiuziwa viti vilivyotumika, viangalie mchana, si usiku. Kuna wanaovipaka mafuta ving'ae. Futa kwa kitambaa ndipo uangalie.

6. KIVULI NDIYO DAWA YA KWANZA

Hakuna dawa ya kupaka inayoshinda kivuli. Na kivuli kingine ni cha bure ukijua jua linapita wapi.

Simama asubuhi uangalie jua linapochomoza. Mkono wako wa kushoto ni kaskazini, wa kulia ni kusini. Kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka katikati ya Oktoba, jua letu la saa sita linapita upande wa kaskazini. Kwa hiyo kiangazi chote, ukuta wa kusini wa banda lako unatoa kivuli mchana. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba mpaka Februari jua linahamia kusini, na kivuli kinahamia upande wa kaskazini. Viti vya akiba virundike upande wenye kivuli, uvihamishe misimu inapobadilika.

Kibaraza kinachotazama magharibi kina shida yake. Asubuhi ni kizuri, lakini kuanzia saa 8 mchana jua linaingia mpaka ndani, na saa hizo ndipo joto limepanda. Hapo shusha turubai au mkeka upande huo mchana, pandisha jioni wateja wa jioni wakianza kuja.

Ukitengeneza kivuli, zingatia haya:

- Turubai zito lisilopitisha mwanga linafaa. Nailoni inayoonekana upande wa pili inazuia mvua, lakini miale mingi inapita.
- Wavu wa kivuli wa bustani unapunguza miale na unapitisha upepo. Mwembamba unaokoa kidogo, mzito unaokoa zaidi.
- Turubai lenyewe ni plastiki, nalo linaliwa na jua. Likianza kutoa nyuzi na kuchanika kwenye matundu ya kamba, limeshachoka.
- Bati ni zuri, ila usiliweke chini sana. Bati la moto likiwa karibu na vichwa vya watu linafukuza wateja na linapasha meza. Acha nafasi hewa ipite.
- Mti mkubwa kama mwembe au mparachichi ni rafiki. Kinyesi cha ndege na utomvu futa mapema kabla havijakauka.

Kumbuka pia kwamba kivulini miale haifiki sifuri. Mingine inatoka angani na mingine inaruka kutoka kwenye mchanga na kuta nyeupe. Lakini kiti cha kivulini kinaishi muda mrefu kuliko cha juani, hilo halina ubishi.

7. NAMNA YA KUVIRUNDIKA

Kuna ile tabia ya kufunga biashara usiku, kurundika viti nje, na kesho yake kutumia vya juu tu. Vile vya chini vinakaa wiki nzima palepale, na rundo liko juani. Hapo kuna makosa matatu.

Kwanza, rundo refu. Viti ishirini juu ya kimoja ni mzigo mkubwa kwa kile cha chini. Jua likipasha, miguu ya cha chini inatanuka. Usizidishe kumi hivi, na uweke mahali tambarare.

Pili, kiti cha juu ndicho kinacholipia wenzake. Chenyewe kinapigwa jua lote, vya chini vinapigwa pembeni tu. Tumia ujanja huu: chukua kiti kilichokwisha kufa, kikate mguu mmoja ili mtu asijaribu kukikalia, kisha kifanye kofia ya rundo. Wacha jua limle marehemu.

Tatu, kufunika kwa nailoni nyeusi na kuibana mpaka chini. Miale umezuia, sawa, lakini ndani umetengeneza oveni. Funika kwa turubai la rangi nyepesi, acha uwazi chini hewa itembee. Au vizungushie gunia la katani. Ukiwa na stoo, ingiza ndani kabisa, ila visiegemee ukuta wa bati linalopigwa jua la mchana.

Na usifunge rundo kwa kamba iliyokazwa kwa nguvu halafu ukaliacha juani. Plastiki ikilegea inakubali umbo la kamba, na jioni haitarudi.

8. KUOSHA BILA KUUA

Vumbi la barabara ya malori tunalijua. Ukilifuta kavu, linakwaruza kiti kama msasa. Mwagia maji kwanza, vumbi lishuke, ndipo ufute.

Tumia maji, sabuni ya kawaida na kitambaa au sponji laini. Waya wa kusugulia sufuria weka pembeni, maana mikwaruzo yake inashika uchafu na inakuwa njia ya nyufa. Petroli na tina usitumie. Dawa ya kuondoa madoa kwenye nguo nyeupe, ile ya klorini, itumie mara chache, changanya na maji mengi, suuza haraka. Ukiizoea kila wiki inasaidiana na jua kuichosha ngozi ya kiti.

Kosa kubwa la wakodishaji liko hapa: viti vinarudi kutoka msibani, vinaoshwa saa 3 asubuhi, vinatandazwa uwanjani vikauke, vinasahaulika mpaka saa 11 jioni. Kiti cha plastiki hakinywi maji. Kinakauka kivulini kwa upepo tu, au kwa kukifuta na kitambaa. Osha jioni jua likishapoa.

9. MOTO WA JIKONI

Kwa mama lishe na wakaanga chipsi, adui wa joto hatoki angani peke yake.

Mafuta ya kukaangia yana nyuzi joto 170 mpaka 190. Tumesema polipropilini inayeyuka karibu 160. Kwa hiyo karai la mafuta likitua juu ya meza ya plastiki, meza inayeyuka palepale, na karai linaweza kupinduka likamwagikia mtu. Hilo ni jambo la hospitali, sio la hasara ya meza. Karai liwe kwenye jiko au kwenye ubao mzito, basi.

Sufuria ya maharage au ya chai iliyotoka motoni haitayeyusha meza, ila italegeza na kuacha shimo la duara. Weka ubao au kigae chini yake. Na jiko la mkaa lisikae karibu na miguu ya kiti. Ukiweka mkono wako hapo ukashindwa kuvumilia, basi hata kiti hakipendi.

10. JE, NIPAKE KITU?

*Mafuta ya kula au ya taa:* hapana. Yanang'arisha siku mbili, yanashika vumbi, yanachafua nguo za wateja, na hayazuii miale.

*Rangi ya mafuta ya kawaida:* polipropilini ni plastiki inayoteleza, rangi haishiki vizuri. Baada ya muda inabanduka vipande vipande. Ipo rangi ya kwanza maalumu kwa plastiki, inayopakwa kabla ya rangi yenyewe. Ukiipata, na kiti bado ni kizima, rangi nyepesi ya juu inaweza kukikinga maana miale inaishia kwenye rangi. Lakini linganisha gharama na bei ya kiti. Kwa meza kubwa inaweza kulipa, kwa kiti kimoja kimoja mara nyingi hailipi.

*Kupasha moto uso wa kiti rangi irudi:* kuna mafundi wanafanya hivyo. Rangi inaonekana imerudi, ila nyuzi zilizokatika hazijaunganika. Umemvalisha mgonjwa suti.

*Kushona au kuchomelea mguu uliokatika:* kwa ndoo na beseni sawa. Kwa kiti kilichokatika kwa sababu ya jua, hapana. Plastiki pembeni ya kiraka nayo imeshakauka, kitakatika sentimita mbili mbele.

11. KUKAGUA, NA KUKUBALI KUKISTAAFISHA

Kila mwanzo wa mwezi tenga nusu saa. Kwa kila kiti fanya vipimo vinne:

1. Futa kwa kitambaa cheusi kilicho kikavu. Unga kidogo, kiwekee alama ya tahadhari. Unga mwingi, endelea kwa makini.
2. Kigeuze, tazama maungio ya miguu, chini ya mikono na kwenye matundu ya mgongo. Nyufa kama nywele zikionekana hapo, kimeshamaliza kazi.
3. Shika miguu miwili, itanue kidogo kwa mikono. Kizima kinarudi kimya. Kilichochoka kinalia "ta".
4. Kwa chenye mashaka, kipakie viroba vya mchanga vyenye jumla ya kilo 100 hivi, polepole, ukiache dakika kumi kwenye sakafu tambarare. Usimjaribishie mtu, hata kijana wako wa kazi.

Kiti kilichoshindwa usikirudishe "kwa dharura". Dharura ndiyo siku watu wanakuwa wengi, na atakayekikalia utakuwa hujamchagua wewe. Usikiweke nyumbani kwa watoto, wala usimgawie jirani bila kumwambia. Kikate, kiuze kwa wanunuzi wa plastiki chakavu wanaopima kwa kilo, au kifanye kofia ya rundo kama tulivyosema. Usikichome moto, moshi wake unaumiza mapafu yako na ya majirani.

Ili ujue umri, andika mwezi na mwaka wa kununua chini ya kikalio kwa kalamu ya wino usiofutika. Usitumie msumari wa moto, shimo lile linageuka mwanzo wa ufa.

12. NENO KWA WAKODISHAJI

Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu baridi tunaijua. Plastiki ikipoa inakakamaa, na ile iliyoliwa na jua inakuwa kama kioo. Ukirusha viti kutoka kwenye kirikuu saa 12 asubuhi, vile vyenye nyufa vinamalizika hapo. Washushe kwa mkono, viwili viwili.

Msibani viti vinatoka siku tatu mpaka nne, mara nyingi nje ya turubai. Mwambie mwenyeji au kamati kwa heshima: "Tunaomba viti visivyo na watu mchana viingizwe chini ya turubai." Hakuna atakayekataa. Na kabla ya kupakia, ondoa kabisa vile vya alama ya tahadhari. Msibani wanakaa wazee, na mzee akianguka na kiti chako, jina lako litatajwa kwenye kila kikao cha mtaa.

Pia tenganisha viti vya zamani na vipya, upeleke kwa zamu. Ukitumia vipya tu, vya zamani vinaozea nje bila kuingiza kitu. Vikitoka kwa zamu, unajua kila kundi limebakiza nini.

RATIBA FUPI YA KUBANDIKA UKUTANI

- Kila siku: saa 4 asubuhi viti visivyo na watu viingie kivulini. Usiku viingie ndani au vifunikwe.
- Kila wiki: mwagia maji, osha kwa sabuni, kausha kivulini. Badilisha viti vya juu na vya chini kwenye rundo.
- Kila mwezi: vipimo vinne. Andika vilivyokufa kwenye daftari.
- Machi na Oktoba: hamisha sehemu ya kurundika, jua limebadilisha upande.
- Septemba, kabla ya jua la Oktoba: kagua turubai na kamba zake.
- Kila mwezi weka akiba kidogo ya viti. Ukigawa bei ya viti vyako vyote kwa miezi unayotarajia vidumu, hicho ndicho kiasi cha kuweka.

Hiyo ya mwisho ndiyo wengi tunairuka. Viti hata ukivitunza vipi vitachakaa, ila mwenye akiba ananunua vingine kabla ya vya kwanza kuangusha mtu, asiye nayo anasubiri mpaka aangushe.

Leo ukifunga biashara, usirudi nyumbani kabla ya kugeuza kiti kimoja kimoja uangalie maungio ya miguu. Dakika kumi tu. Na kama unamjua mama lishe au mkodishaji ambaye viti vyake vimeanza kutoa unga, mtumie makala hii leo.

Biashara njema.